Ushuru wa Shuka Lisilo Langu

Nilikuwa nimesimama juu ya kreti la bia katikati ya gulio, nimelitandaza shuka kwa mikono miwili kama mtu anayeuza mapazia, watu wamenizunguka wanacheka, nami nacheka nao na kupaza sauti kwamba huyu hapa ndiye mgeni wangu, mtozeni ushuru, mwulizeni kalala chumba kipi, ndipo kicheko kikaanza kufa kwa nyuma, upande wa wauza mihogo, kikaja kikifa mtu kwa mtu kuelekea kwangu, na mwanamke mmoja mkimbizi akapita katikati ya watu bila kumsukuma yeyote, akafika chini ya kreti, akashika pindo la shuka, akalinusa, halafu akajilaza chini kwenye vumbi na kujifunika nalo kuanzia kichwani mpaka miguuni. Na mimi bado niko juu ya kreti, nimeshika ncha nyingine.

Aibu hii nimeishi nayo miaka mingi. Mpaka leo nikipita sokoni Rulenge kuna watu wazima wenye ndevu ambao wakitaka kunichokoza huniuliza, "Mama Edita, leo shuka bei gani?" nami hupita kama sikusikia. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia nikienda mbele na kurudi nyuma, lakini majina nitayataja, kwa sababu walioniingiza katika jambo hili wana majina, na wengine bado wanakula vizuri na kulala vizuri. Wa kwanza ni Projest, mtoza ushuru. Wa pili ni Anatori, aliyekuwa mtendaji wetu wa kata. Wa tatu ni Leopoldi, mkubwa wa wabebaji wa wagonjwa. Mimi kwa upande wangu nilichofanya ni kuhamisha kamba ya kuanikia nguo, nikaitoa nyuma ya nyumba nikaileta mbele. Ni hilo tu, na nitawaeleza.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipovuka mpaka kwa wingi, hata ukifungua mlango asubuhi unawasikia watu kabla hujawaona, kwa sababu ya ukungu wetu wa Ngara ambao hauondoki mpaka jua lipande. Vilima vya ng'ambo ambavyo tulivijua kwa kijani vilikuwa bluu, maturubai matupu, na moshi wa kuni ulilala juu yake kutwa nzima. Baba Edita, mume wangu, alikuwa amemaliza kujenga vyumba vya uani muda mfupi kabla ya hapo, akiwa na mpango wa kuweka mazao. Kisha ukaja ugonjwa wa kuhara damu, ukatulaza wote wawili, ukamchukua yeye na kuniacha mimi (mimi niliyekuwa mwembamba na kila mtu akisema nitatangulia). Nikabaki na Edita, migomba, na vyumba vile. Hapakuwa na kingine. Nikisema hapakuwa na kingine muelewe hivyo hivyo, maana shamba letu la maharage lilikuwa njia ya watu, na watu wakipita kwa maelfu maharage hayaoti.

Basi wakaja watu wa kutaka kulala. Madereva wa malori ya chakula, watu wa mashirika ambao mahema yao yalikuwa hayajafika, siku nyingine mzungu mmoja mrefu aliyelala miguu ikitoka nje ya kitanda. Nikaweka vitanda, nikachukua jora la marekani, kitambaa kizito cha pamba, alilonunua marehemu, fundi akanikatia mashuka na kuyapiga pindo kwa cherehani, yote sawasawa. Hayo mashuka nilikuwa nayajua kama mnavyojua vidole vyenu.

Projest akaja na mkoba wake. Alikuwa kijana mstaarabu wa kusalimia, na ustaarabu ule ndio uliokuwa ukinichosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Projest."

"Nasikia una gesti."

"Sina gesti. Nina vyumba."

"Watu wanalala?"

"Wanalala."

"Wanalipa?"

"Hawalali bure."

"Basi mama, hiyo ndiyo gesti yenyewe. Kuna ushuru wa kulala wageni."

Sikukataa. Nataka hilo lijulikane, mimi si mtu wa kukwepa. Nilimwuliza tu ushuru wenyewe ni wa nyumba, wa kitanda, au wa mtu, kwa sababu kitanda kimoja siku zile kiliweza kulaliwa na dereva wa usiku na kisha dereva wa mchana, godoro lisipate nafasi ya kupoa. Projest akatazama juu kama mtu aliyeulizwa jambo la mbinguni, akasema, "Ni wa kulala, mama. Aliyelala analipiwa." Nikauliza analipiwa na nani. Akasema, "Na mwenye nyumba. Nani mwingine?"

Nikawa nalipa. Nalipa kutoka mfukoni mwangu, kutoka kwenye ile ile bei ya chumba, mpaka siku dereva mmoja Msukuma, Mzee Masanja, aliyekuwa akileta mahindi akipitia Lusahunga, aliponikuta nagawa hela mezani akaniuliza nafanya nini. Nilipomweleza akaweka kikombe chini. Akaniambia yeye amelala gesti njia nzima kutoka Mwanza, na kote huko ushuru anaulipa yeye mgeni, unawekwa juu ya bei ya chumba, mwenye nyumba kazi yake ni kuupokea na kuupeleka ofisini. "Sasa wewe mama unawalipia watu kulala," akasema. "Hata mama yangu hakuwahi kunilipia kulala."

Nikaenda ofisi ya kata. Anatori alikuwa ameketi nyuma ya meza, ana redio, ana kalamu tatu mfukoni na sikuwahi kumwona akiandika hata kwa moja. Nikamweleza maneno ya Mzee Masanja.

"Mama Edita, wewe umesoma sheria?" akaniuliza.

"Sikusoma."

"Mimi nimesoma."

"Basi nisomee, mtendaji. Nikisikia nitaelewa."

"Sheria haisomwi kwa mtu mmoja mmoja."

Nikamwuliza itasomwa lini kwa watu wengi ili nije nijibane nyuma. Akaongeza sauti ya redio. Huyo ndiye Anatori, na wakati ule ule alikuwa akijenga nyumba yake ya kulala wageni kule njia panda, matofali yameshafika kwenye madirisha, na hakuna aliyemwuliza ushuru wake utalipwa na nani.

Sasa kamba. Kamba yangu ilikuwa nyuma, kati ya migomba, na msimu ule wa mvua mashuka hayakukauka, yalikaa siku nzima yakitoa harufu ya maji yaliyolala. Nikaihamishia mbele, kutoka kwenye nguzo ya kibaraza mpaka kwenye mkaratusi ulio kando ya barabara. Jua lilikuwa zuri pale. Nikajisifu kwa akili yangu. Kumbe Projest, ambaye alitakiwa kuja kuona wageni wakilala lakini giza hakulipenda (siku zile nani alilipenda), akaona njia rahisi: anapita asubuhi barabarani, anasimama, anahesabu mashuka kwenye kamba, shuka moja mgeni mmoja. Shuka lililofuliwa limelaliwa. Hakugonga hata mlango.

Na hapa lazima niwaeleze desturi yetu, hasa ninyi mliozaliwa wakati magari ya wagonjwa yapo. Kwetu mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa yenye miti miwili, wanaume wanne mabegani, na aliyebebwa alifunikwa shuka gubigubi, uso haukuonekana. Mzima au amekata roho, alifunikwa vile vile, na wabebaji hawakusema, ili anayepishana nao asijue kama ni wa kupewa pole ya ugonjwa au pole ya msiba. Na shuka likitoka kwa jirani, wakilirudisha hawalikabidhi mkononi. Wanakuja kimya, wanalitundika kwenye kamba au kwenye ua, wanaondoka, na mwenye shuka anatoka kulifua wakishafika mbali. Mama yangu alikuwa akisema ukilipokea mkononi umepokea na vingine. Mimi nilipougua nilibebwa chini ya shuka la jirani. Mume wangu naye. Kwa hiyo Leopoldi na wabebaji wake walipoanza kupita kwangu kuomba mashuka ya kufunika wakimbizi waliokuwa wakiangukia barabarani, kuwapeleka hospitali ya misheni, ningekataaje? Nilitoa. Wakarudisha. Nikafua. Nikaanika.

Na Projest akapita, akahesabu.

Mnaona ilikokuwa ikielekea. Kuna wiki vyumba vyote vilikuwa vitupu, barabara imekatika kwa mvua na malori yamekwama Lusahunga, na kamba yangu imejaa kutoka kibarazani mpaka kwenye mkaratusi. Nilikuwa nikitoka asubuhi na beseni, ukungu umeficha kamba yenyewe, naona tu yale mashuka yamesimama kwenye weupe kama watu waliopanga foleni wakisubiri niwafungulie. Upepo hakuna, nayo yamejaa tumbo, yamevimba kidogo kwa mbele. Wakimbizi waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wakihama upande ule mwingine wa njia. Hawakuwa wanajua lolote, lakini walihama. Na kwenye ukungu, ng'ambo ya mashuka, nasikia kalamu ya Projest ikigongagonga karatasi.

"Hongera mama, biashara imechangamka."

"Projest, hawa si wageni wangu. Mashuka haya yamefunika wagonjwa."

"Mgonjwa hakulala?"

"Hakulala kwangu."

"Shuka ni lako?"

"Ni langu."

"Basi mama tusisumbuane."

Nawaapia nilicheka. Nilimwambia wengine katika hao aliowaandika wameshakufa, sasa ofisi yenu inatoza ushuru wa maiti. Akanitazama, akatazama kamba, akasogea hatua nyuma, lakini kile alichoandika hakukifuta.

Halafu likaja lile shuka.

Nililikuta siku moja alasiri, limetundikwa mwisho wa kamba, karibu na mkaratusi. Nilidhani ni langu mpaka nilipolishika. Halikuwa marekani. Lilikuwa jepesi, jeupe la zamani, pembeni limeshonwa kwa uzi wa kijani, mshono wa mkono, mdogo mdogo, wa mtu mwenye subira. Nikauliza wageni, hakuna wa kwake. Nikawauliza majirani, wakasema si lao. Nikalifua, maana lilihitaji kufuliwa, sitasema zaidi, na nikalianika, na nikifua mengine yote yakikauka lile linabaki na ubaridi. Si maji, ukilikamua hakuna kitu. Ni ubaridi kama wa sakafu. Edita, aliyekuwa msichana wa kunisaidia kila kazi, akakataa kulikunja. Nikimwuliza kwa nini anasema tu, "Ni zito, mama." Nikamkaripia. Nikalikunja mwenyewe. Lilikuwa zito.

Barabara ilipofunguka Mzee Masanja akafika saa za asubuhi, ameendesha usiku kucha, anataka kulala mchana. Mashuka yangu yote yalikuwa yameondoka na wabebaji, ugonjwa ulikuwa umepanda upya. Limebaki lile. Ningefanyaje, mgeni amesimama macho yamemwiva? Nikamtandikia. Mchana, jua linawaka, kuku wanaparura uani, nikamsikia ametoka nje pekupeku, akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mama Edita, umemweka mtu mwingine chumbani kwangu?"

"Hapana, baba."

"Kuna bwana kakaa miguuni pangu. Kakaa tu, kanipa mgongo. Nikamwamkia, hakuitika."

Nikamwambia ameota, uchovu wa njia. Mzee Masanja alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu, lakini pale hakucheka. Akachukua kikombe, akachota maji mtungini, nikadhani atakunywa. Akaenda nayo chumbani, akaiweka sakafuni upande wa miguuni, akatoka, akachukua mkoba wake.

"Anataka maji," akaniambia. "Hakusema. Lakini ukimtazama mgongo wake unajua."

Akalala ndani ya lori siku ile, na siku zote alizopita baada ya hapo. Akilala ndani ya lori nami nakosa mgeni, lakini Projest bado anahesabu shuka.

Ndipo Anatori akaniita. Safari hii redio ilikuwa imezimwa. Akaniambia hesabu ya wageni niliolaza na ushuru niliopeleka havikutani hata kidogo, nimeficha wageni kwa miezi, na gulio linalofuata nisipokuja na deni lote mkononi atatia kufuli vyumba vyangu na havitafunguliwa tena. Nilipiga magoti. Nasema ukweli, nilipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya kata, nikamwambia mtendaji, vile vyumba ndivyo alivyoniacha navyo baba Edita, ukivifunga unanifunga na mimi. Akaniambia niinuke, nisichafue kitenge.

Njiani kurudi nikapata akili yangu ya pili (ya kwanza ilikuwa ya kamba). Nikasema, hawa hawasikii ofisini, watasikia mbele ya watu. Gulio watu wote wapo, Projest anatoza ushuru wa meza pale pale, Anatori huja kununua mbuzi. Nitachukua lile shuka ambalo hata si langu, nitalinyanyua mbele ya wote, nitauliza, aliyelala katika shuka hili ni nani? Likikosa mwenyewe, ushuru wake mnautoza kwa nani? Watu watacheka, na mtendaji anachoogopa kuliko Mungu ni kuchekwa. Nililipanga vizuri. Nilijisemea mpaka maneno ya kumalizia.

Gulio lilikuwa limejaa hata pa kuweka mguu hakuna, wakimbizi wamekuja na mahindi ya mgao kubadilisha na ndizi na mihogo. Nikaomba kreti kwa muuza bia, nikapanda. Kitenge kikanifunguka nusu nikakidaka kwa goti, watu wakaanza kucheka kabla sijasema neno, nikaona vizuri, wacheke. Nikamwita Projest. Nikamwita Anatori, naye alikuwa ameshika mbuzi kwa kamba. Nikalifungua shuka.

"Huyu ndiye mgeni wangu," nikasema. "Hakula kwangu, lakini mnasema alilala kwangu. Mtendaji, mwamkie mgeni."

Watu wakavunjika mbavu. Mama mmoja wa maparachichi akasema, "Mwamkie, Anatori, mgeni ni baraka." Mwingine akasema mbona mgeni mwenyewe mwembamba. Hata yule mbuzi alilia na watu wakasema huyo ndiye aliyeitikia. Projest aliinamisha uso. Nikaona nimeshinda, jamani. Nililiona lile kufuli likiyeyuka. Nikalipungapunga shuka, nikaita, "Nani anamjua? Nani anamjua huyu mgeni?"

Yaliyofuata nimeshawaambia.

Alikuwa anaitwa Spesiyoza, Mrundi, hakuwa mzee. Alilala chini ya shuka muda ambao siwezi kuupima, na mizani ya gulio zima ikaachwa ikining'inia na vitu. Shuka halikuwa likipanda na kushuka kama la mtu anayepumua. Nililitazama sana nikisubiri lipande. Nikashuka kwenye kreti, nikachuchumaa, nikasema, "Dada." Akatoa uso.

"Nilishona mimi," akasema kwa Kiswahili chake cha taabu, akanionyesha ule uzi wa kijani. "Nilimfunika mimi. Alikuwa anaomba maji."

Mume wake. Aliwaangukia njiani karibu na kizuizi, yeye na watoto wakazuiwa hapo, wabebaji wakamwambia tunampeleka hospitali ya misheni, njoo kesho. Akaenda kesho yake. Hospitali wakamwambia mtu huyo hakufikishwa kwao. Tangu hapo alikuwa akitembea kambi hadi kambi, gulio hadi gulio, akitazama nyuso.

"Shuka lake umelipata," akaniambia. "Mwenyewe mlimweka wapi?"

Mlimweka. Alinihesabu na mimi. Na angewaza nini tena, amemkuta mwanamke juu ya kreti anachezesha sanda ya mume wake, watu wanacheka?

Nikageuka kumtafuta Leopoldi, maana wabebaji walikuwepo, walikuwa wakinywa pale pale kwa muuza bia. Nikamwuliza mbele ya watu. Alikuwa mtu mkubwa, shingo nene kwa kubeba, akatazama kikombe chake.

"Siku zile tulibeba wengi, Mama Edita."

"Sikuulizi wengi. Nakuuliza huyu mmoja."

"Alikata roho njiani. Hospitali wangempokeaje maiti? Mtendaji alisema waliokufa tusiwarudishe vijijini, watu watashikwa na hofu, tuwaweke huko huko tulipofika. Tukamweka."

"Huko huko ni wapi?"

"Kulikuwa na ukungu," akasema Leopoldi. "Shuka tukadhani ni lako. Mashuka yote yalikuwa yako."

Nikamtafuta Anatori. Mbuzi alikuwepo, amefungwa kwenye mguu wa meza. Anatori hakuwepo.

Kama mnadhani baada ya hapo waliona haya, hamwajui. Asubuhi yake nilikuta kufuli kwenye mlango wa vyumba, na kufuli lile lilikaa mpaka mabati yakaota kutu na mchwa wakala fremu. Wageni wakaenda njia panda, kwenye nyumba mpya ya Anatori. Mimi na Edita tulilima vibarua kwenye mashamba ya watu. Spesiyoza na watoto wake walilala chumbani kwangu mimi, nyumba kubwa, mpaka Warundi waliporudishwa kwao. Tulitembea sana, mimi na yeye, porini kandokando ya barabara, tukitafuta udongo uliofukuliwa. Mwaka ule udongo uliofukuliwa ulikuwa kila mahali. Aliondoka na shuka lake, hakuondoka na jibu.

Kamba niliikata siku ile ile ya kufuli. Nikang'oa hata msumari kwenye mkaratusi. Na siku moja, ukungu umeshuka, nafagia mbele, nikamwona Projest amesimama barabarani mahali pake pa zamani. Mkono na kalamu umenyooka, unasogea kidogo kidogo kutoka kibarazani kwenda kwenye mkaratusi, midomo inatembea.

"Leo umeanika mengi, mama," akasema.

Nikamwambia, "Projest, hapo hakuna kamba."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuombwa radhi. Akarudi kuhesabu. Alipofika kwenye mkaratusi akasita, akaanza upya, akafika tena, akaanza mara ya tatu. Akaondoka bila kuaga, yeye wa kusalimia. Nasikia aliacha kazi, akaenda kwa ndugu zake, na ndugu zake hawaruhusu nguo nyeupe uani.

Mimi niliapa sitaanika tena kitu mbele ya nyumba, na sitapanda tena juu ya chochote kuwachekesha watu kwa kitu nisichokijua kilikotoka. Nimeshika kiapo hicho mpaka leo, hata nepi za wajukuu zinakauka nyuma, na zisipokauka zinavaliwa hivyo hivyo.

Lakini aibu yangu nimeshaieleza na imetosha. Sasa wenzangu waeleze yao. Anatori yu hai, ana nyumba ya ghorofa moja na wageni wake hulipa ushuru juu ya bei ya chumba, sawasawa na alivyosema Mzee Masanja, kumbe sheria alikuwa anaijua. Anatori, ulimwandika yule mtu kuwa alilala kwangu, ukadai ushuru wake, ukanifungia nyumba kwa ajili yake. Aliyeweza kumtoza anaweza kusema yuko wapi. Na wewe Leopoldi, uko Kaniha, unalima, nasikia mahindi yako ni mazuri na miguu yako bado ina nguvu. Panda gari uje. Jembe ninalo. Utatangulia, mimi na Edita tutakufuata, na popote utakaposimama nitatuma neno Burundi. Usiniambie kulikuwa na ukungu. Ulikuwa na mzigo begani, na mtu hujua mahali alipotua mzigo.